Tembea Uone, Lakini Uone Nini?



Wazee wetu walisema, "Tembea uone." Neno hili tumelisikia tangu tungali watoto, na kila anayefunga mizigo yake huliweka mbele kuwa ndiyo hoja yake. Lakini ni wachache miongoni mwetu wanaouliza swali la pili: uone nini? Mtu aweza kuzunguka mashariki na magharibi akarudi kwake mtupu, kama debe lililotoboka lililotumbukizwa kisimani. Na mwingine aweza kwenda hatua arobaini tu kutoka mlangoni pake akarudi na mazingatio ya kumtosha umri wake wote.

Leo nataka nikusimulie safari moja niliyoifanya mimi na watu wa nyumbani kwangu. Sikusimulii kwa kujifakhirisha, maana utaona mwenyewe kwamba hamna ndani yake la kujifakhirisha. Nakusimulia kwa kutaraji kwamba kosa langu litakufaa wewe kabla hujalifanya la kwako.

Mimi ni mtu wa Munisagara. Huenda hulijui jina hili, wewe unayekaa Tanga, au Bagamoyo, au Unguja, au Mombasa. Ni kijiji katika wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro, na ni kituo kidogo cha gari moshi katika Reli ya Kati, ukishapita Kilosa mjini kuelekea Dodoma. Milima iko huku na huku, na bondeni katikati unapita mto Mkondoa pamoja na reli. Mto na reli huandamana humo kama wake wenza waliotiwa nyumba moja: siku nyingi wamenyamaza, na siku wakigombana mji mzima husikia.

Wala usidhani kwamba mto huo haukuhusu. Mkondoa ukitoka kwetu huungana na mito mingine, kama vile Mkata, ukawa mto Wami, na Wami humwaga maji yake baharini karibu na Saadani. Maji tunayotawadhia sisi alfajiri ndiyo yanayoteremka mpaka kwenu pwani.

Mwishoni mwa Desemba 2009 mto huu ulifurika. Tuta lililokuwa likiuzuia kule Kilosa mjini lilipasuka, maelfu ya watu wakakosa makazi, na reli ikabomolewa mahali pengi baina ya Kilosa na Gulwe, hata treni zikasimama kwa miezi. Mama yangu mzazi alikuwa na nyumba yake ya matofali mabichi karibu na mto. Usiku ule alitoka na msahafu wake, sufuria moja na mbuzi wawili. Vilivyobaki vyote vilichukuliwa na maji, pamoja na sanduku la marehemu baba, aliyekuwa kibarua wa reli, lenye kanzu zake na karatasi zake za kazi. Mvua zilipokatika mama akajenga tena pale pale, kwa matofali yale yale mabichi, kwa kuwa hakuwa na kiwanja kingine wala fedha ya kujengea vinginevyo.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mshahara wangu ulikuwa ukigawanyika kabla haujafika mkononi. Nikamwambia, "Mama, nivumilie. Siku nitakayostaafu nitakujengea nyumba ya matofali ya kuchoma huku juu mlimani, mto usikuone tena." Mama akanijibu, "Insha Allah, baba." Ahadi hiyo niliitoa mbele ya mke wangu na mbele ya majirani wawili. Zingatia hayo, msomaji, maana ndiyo mzizi wa maneno yote yanayofuata.

Nikastaafu mwaka 2023, nikapata kiinua mgongo changu. Wakati huo kijana wetu mkubwa alikuwa Malaysia, mji wa Kuala Lumpur, akimalizia masomo yake katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kiislamu. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1983, na kiko upande wa Gombak, kaskazini ya mji, na vijana wa mataifa mengi husoma humo. Kijana akatupigia simu, akasema, "Baba, mimi karibu nimalize nirudi. Njooni basi mtembee mwone mji huu kabla sijaondoka, maana sijui kama nafasi hii itapatikana tena."

Simu ile ilinitia wazimu. Nikaanza kujiona nimesimama chini ya yale majumba mawili marefu niliyoyaona katika picha. Nikaanza kujisikia nikizungumza barazani baada ya sala ya Ijumaa, na wenzangu wamenyamaza wakinisikiliza. Mke wangu akaniuliza kwa upole, "Baba watoto, na ahadi ya Mama?" Nikamjibu, "Mama tutakwenda naye. Kuna furaha gani ya mzazi iliyo kubwa kuliko hiyo? Ama nyumba, nyumba haikimbii. Tutaijenga mwakani."

Tazama jinsi nafsi ilivyo hodari wa kutafuta fatwa! Nilikuwa na deni, nami nikalifunga deni langu katika kitambaa cha hisani, nikampa mwenye deni kana kwamba ni zawadi. Na mama, kwa kuwa ni mama, alipokea kitambaa akashukuru.

Basi tukasafiri mwishoni mwa mwaka huo, watu wanne: mimi, mama, mke wangu na kitindamimba wetu, binti wa miaka 13. Tulitoka Kilosa kwa basi mpaka Morogoro, kutoka Morogoro mpaka Dar es Salaam, na huko tukapanda ndege. Mama alikuwa na miaka 78 na hakuwahi kupanda hata lifti. Jambo la kwanza aliloliuliza angani lilikuwa kibla kiko wapi.

Ndege ilipokuwa ikishuka tuliona miti ya michikichi imepandwa safu kwa safu mpaka macho yakachoka. Kijana wetu alitueleza baadaye kwamba mti ule si wa huko. Asili yake ni Afrika ya Magharibi. Ulipandwa Bogor, katika kisiwa cha Java, mwaka 1848, na shamba la kwanza la biashara katika Malaya likaanzishwa mwaka 1917. Nikaukumbuka mkonge wa kwetu Kilosa na Kimamba, ambao nao ni mgeni: ulitoka Mexico kwa asili, ukaletwa Tanganyika mwaka 1893. Kumbe hata miti husafiri, na mti hausifiwi kwa kufika tu, husifiwa kwa kuzaa ulikofikia.

Yako mengi ya huko ambayo yangekupendeza wewe mtu wa pwani. Asubuhi ya kwanza tulipewa chakula wanachokiita nasi lemak, kimefungwa katika jani la mgomba. Mama akalifungua, akanusa, akasema, "Huu si wali wa nazi?" Na kwa hakika ndio wali wa nazi, pamoja na dagaa wa kukaanga, karanga, yai na pilipili. Sokoni tukaona doriani na shokishoki, matunda yanayojulikana Unguja na Pemba. Mwenye duka akamsalimu mama, "Apa khabar?" Mama hakungoja mkalimani. Akajibu, "Nzuri, alhamdulillahi!" Wote wawili wakacheka, kila mmoja akidhani mwenzake amesema lugha yake. Tangu hapo binti yetu akawa anakusanya maneno kama mtoto anayeokota makombe: bendera wao huiita bendera, nanasi ni nanas, sabuni ni sabun, meza ni meja, dunia ni dunia. Maneno haya mengine yametoka kwa Waarabu na mengine kwa Wareno, yakapita bahari hii moja, mengine yakateremka kwetu na mengine kwao. Ibn Battuta aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 ndiye huyo huyo aliyefika baadaye Sumatra, ng'ambo tu ya mlango wa bahari kutoka huko tulikokwenda. Bahari ya Hindi haikuwa ukuta baina yetu, ilikuwa ni barabara.

Tukaenda kuyatazama majumba pacha ya Petronas, yenye ghorofa 88 na urefu wa mita 452, ambayo tangu mwaka 1998 mpaka 2004 yalikuwa ndiyo majengo marefu kuliko yote duniani. Na sasa katika mji huo huo limesimama jengo jingine, Merdeka 118, lenye urefu unaokaribia mita 679. Nakiri kwako kwamba nilifanya mambo ya kitoto. Nililala chali juu ya sakafu, mzee wa miaka 60 na kofia yangu, ili picha ipate kuonyesha majumba mpaka kileleni, nikaituma picha Munisagara saa ile ile. Mama hakutazama juu kwa muda mrefu. Aliona watu wawili wamening'inia kwa kamba wakifuta vioo, akawa anawaombea dua mpaka waliposhuka.

Tukaswali katika Msikiti wa Taifa uliofunguliwa mwaka 1965, ambao paa lake la buluu limekunjwa kama mwavuli, na mnara wake una mita 73. Tukasimama katika uwanja ambapo usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 1957 bendera ya Mwingereza iliteremshwa. Hapo nikapiga hesabu. Malaya ilipata uhuru mwaka 1957, Tanganyika mwaka 1961. Wao wakaungana wakawa Malaysia mwaka 1963, sisi tukaungana tukawa Tanzania mwaka 1964. Wametutangulia kwa miaka minne huku, na kwa mwaka mmoja kule. Hesabu hii ilinisumbua, lakini bado haikuniuma. Lililoniuma lilikuwa linakuja.

Siku ya nne, baada ya alasiri, tulikwenda Masjid Jamek. Huu ni msikiti mkongwe uliofunguliwa mwaka 1909, wenye kuba nyeupe na milia ya rangi ya tofali na nyeupe, nao umesimama kwenye ncha ya ardhi ambapo mito miwili, Klang na Gombak, hukutana. Hapo ndipo mji ulipoanzia, na hapo ndipo jina lake lilipotoka, maana katika lugha yao "kuala" ni mahali mito inapokutana na "lumpur" ni tope. Majumba yote yale niliyoyalalia chali, jina la mji wake ni Makutano ya Tope!

Tulipotoka kuswali mvua ikanyesha. Mvua za huko si za kutania. Kwa muda mfupi maji ya mito yale yakageuka rangi, yakawa kama chai ya maziwa, yakaanza kupanda baina ya kuta za saruji. Mama alikuwa amesimama barazani akitazama. Ghafla akamshika binti yetu mkono, akamvuta nyuma, akaanza kupaza sauti kwa Kiswahili mbele ya watu wote, "Ondokeni! Ondokeni hapa! Maji yanakuja!" Mwili wote ulikuwa ukimtetemeka. Watu wakageuka kumtazama, wasielewe. Walikuwa wamekaa wakingoja mvua ipungue, mmoja anasoma Kurani, mwingine anazungumza na simu.

Nami nitakwambia kweli, kwa maana bila ya kweli simulizi hii haina kazi. Jambo la kwanza nililolihisi halikuwa huruma, lilikuwa ni haya. Nilimwonea haya mama yangu mbele ya wageni. Mke wangu ndiye aliyekwenda kumkumbatia.

Kijana wetu akapiga magoti mbele yake, akasema, "Bibi, usiogope. Maji haya yana njia nyingine." Akamweleza kwamba mji ule uliteswa na mito yake tangu zamani. Ulianza kama kambi ya wachimbaji wa bati katikati ya karne ya kumi na tisa, na wengi wao walikufa kwa malaria. Mwaka 1881 uliungua moto, na mwaka huo huo ukafurika. Baada ya hapo ikaamriwa nyumba zijengwe kwa matofali na vigae badala ya miti na makuti, na ule mtaa wa Brickfields tuliopita tukitoka stesheni ulipata jina lake kwa kuwa ndipo yalipokuwa yakichomwa matofali. Mama akauliza, "Matofali ya kuchoma?" Kijana akasema, "Ndiyo, Bibi." Mama akageuza uso akanitazama mimi, kisha akautazama tena mto.

Kijana akaendelea. Januari 1971 mafuriko makubwa yaliuingia mji na watu wakafa. Wakapanua mito, wakajenga kuta, na bado haikutosha. Mwishowe wakachimba handaki chini ya mji, lenye urefu wa kilomita 9.7, wakalifungua mwaka 2007. Handaki hilo huyapokea maji ya mto kabla hayajafika katikati ya mji, huyapitisha chini ya ardhi, na kuyatoa upande wa pili. Na kwa kuwa mafuriko si ya kila siku, sehemu yake moja wameifanya barabara ya ghorofa mbili. Siku ya jua magari hupita. Mvua ikizidi kiasi, maji hupitishwa chini ya barabara na magari yanaendelea juu yake. Ikiwa ni mvua kubwa mno, magari yote hutolewa, milango hufunguliwa, na barabara yote huachiwa maji. Kisha husafishwa, magari yakarudi.

Kesho yake rafiki wa kijana wetu akatupitisha humo kwa gari lake. Mama alikuwa amekaa mbele, anasoma kimya kimya, vidole vyake vinahesabu tasbihi. Katikati ya handaki akauliza, "Hapa tunapopita sisi ndipo yanapopita maji?" Akajibiwa, "Ndipo, Bibi, ila si siku moja." Akanyamaza mpaka tukatoka kwenye jua.

Usiku, baada ya isha, nilikwenda kumtazama kama amelala. Alikuwa macho. Akasema, "Mwanangu, watu hawa wameyajengea maji nyumba." Nikacheka, nikasema, "Kweli, Mama. Ni watu wa ajabu." Akanyamaza kidogo, kisha akasema taratibu, bila ya ghadhabu yoyote, kama mtu anayejisemea mwenyewe, "Basi huku hata maji yana nyumba. Lala salama, baba."

Hakuongeza neno, wala halikuhitajika. Nilikaa kitandani mpaka alfajiri. Fedha ya matofali yake ndiyo ile niliyokuwa nimeilalia chali kule chini ya majumba. Nilikuwa nimempakia mama yangu katika ndege, nikamvusha bahari nzima, ili nimwonyeshe jinsi watu wengine walivyotimiza ahadi zao.

Usinifahamu vibaya, msomaji. Sisemi kwamba nchi ile ni pepo. Desemba 2021 mvua kubwa ziliangusha mafuriko huko Shah Alam na kwingineko katika jimbo la Selangor, na hata sehemu za Kuala Lumpur zikaingiwa na maji, watu wakapoteza maisha na mali. Handaki moja halizuii kila kitu, na mwanadamu hana nguvu mbele ya amri ya Mola wake. Lakini kushindwa baada ya kufanya juhudi si sawa na kushindwa baada ya kukaa. Anayemfunga ngamia wake akaibiwa, na anayemwacha bila kamba akaibiwa, wote wawili wamepoteza ngamia, ila mmoja tu ndiye mwenye udhuru.

Tukarudi Munisagara. Watu wakaja kutuamkia, na kweli nilizungumza barazani, na kweli walinyamaza wakanisikiliza. Lakini kila nilipofika kwenye habari ya handaki sauti yangu ilikuwa ikinikatikia.

Masika ya mwaka 2024 yakaja, na bila shaka wewe pia unayakumbuka. Mvua zile ziliharibu nchi nzima. Aprili mwaka huo Waziri Mkuu aliliarifu Bunge kwamba watu 155 wamefariki kwa mafuriko na maporomoko. Mke wangu, bila ya kuningoja mimi, alikuwa amekwisha kumhamisha mama kuja kulala kwetu. Usiku mmoja ukuta wa nyuma wa nyumba ya mama ukalainika ukaanguka ndani, juu ya kitanda alichokuwa akilalia. Asubuhi nilikwenda pale peke yangu. Nilisimama nikitazama kitanda kilichofunikwa na udongo, nikasema, "Nyumba haikimbii." Yalikuwa ni maneno yangu mwenyewe, na yalinirudia kama mwangwi. Kweli nyumba haikimbii, lakini ajali pia haingoji.

Nikauza pikipiki yangu na ng'ombe wawili. Kiwanja cha mlimani nilikuwa nacho tangu zamani. Kilichokosekana kilikuwa ni niya. Vijana wa jirani wakatusaidia kufyatua matofali. Tulipofika kwenye kuyachoma mama akatukataza kukata miti ya mlimani. Akasema, "Mkikata miti ili mchome matofali ya kukimbilia mafuriko, mafuriko yatakuja kuyatafuta matofali." Basi tukachomea pumba za mpunga kwa kadiri tulivyoweza. Nyumba ina vyumba viwili, baraza na bati. Mama alihamia mwaka 2025. Ukutani ametundika picha moja tu ya safari ile, aliyoipiga binti yetu: mito miwili inakutana, na msikiti katikati.

Siku moja nilimwomba mama radhi kwa kumcheleweshea haki yake. Akanijibu, "Ungejenga kwanza ukanipeleka baadaye, ingekuwa vizuri. Lakini nisingekwenda, ningekufa nikidhani kwamba maji hayaambiliki." Ndivyo wazazi walivyo. Hutufungulia mlango hata pale tulipostahili kusimama nje.

Basi, ndugu msomaji, nimepata nini cha kukupa? Nina mambo matatu.

La kwanza, kabla hujakata tikiti uliza: katika fedha hii mna haki ya nani? Hija yenyewe, nayo ni nguzo, haikuwajibishwa ila kwa mwenye uwezo, na katika uwezo huo huhesabiwa deni alipe na wanaomtegemea awaachie matumizi. Ikiwa safari ya kwenda kwenye nyumba ya Mwenyezi Mungu ina sharti hiyo, seuze safari ya kwenda kutazama majumba ya watu?

La pili, ukifika ugenini usitazame juu tu. Mola wetu katika Kitabu chake ametuhimiza mara nyingi kutembea katika ardhi na kuangalia, na kuangalia huko ni kwa mazingatio, hakuishi kwenye picha. Ukiona jumba, uliza limesimama juu ya nini. Ukiona mji mkavu, uliza maji yake yamekwenda wapi. Wakuonyeshe walichokijenga, na wewe uwaulize walichokiogopa mpaka wakakijenga.

La tatu, ukirudi usiseme, "Wale wanaweza, sisi hatuwezi." Kwetu hapa Kilosa milima imetobolewa mahandaki, na reli mpya ya kisasa imepita humo, treni zake zilianza kuchukua abiria Dar es Salaam mpaka Morogoro Juni 2024, na zikafika Dodoma kabla ya miezi miwili kwisha. Hoja ya kutoweza imekufa. Sheria yetu ya mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, nasi tunalima mpaka miguu ya mahindi inalowa. Udongo tunaoulegeza ndio unaoujaza mto, na mto uliojaa mchanga hauna pa kuweka maji ila katika nyumba zetu. Kuacha mita hizo 60 hakuhitaji handaki wala mkopo. Na nyinyi wa pwani mnayo mifereji yenu na mikoko yenu. Mnajua wenyewe ni nani aliyeiziba, na ni nani aliyeikata. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tumekwisha kuona kwamba hata ukuta, ukiwa wa tofali bichi, hulala kitandani mwa mwenye nyumba.

Wakati ninapoandika haya mvua inanyesha Munisagara. Kutoka barazani kwa mama mto unasikika kule bondeni, nasi tunausikia tukiwa tumekaa tunakunywa chai. Mama amesema nikuandikie salamu zake. Anasema: ukitembea, mtazame pia yule anayefuta vioo, umwombee dua ashuke salama.

Wassalaam.